Biti Iko Wapi? Kumbukumbu za Plastiki na Namna Zinavyodanganya

Kuna mshipi wa kuvulia unaouzwa ghali kidogo kuliko wa nailoni, na unasifiwa kwamba samaki hauoni majini. Dukani unaitwa fluorocarbon. Kikemia ni PVDF, polima iliyojengwa kwa kaboni, haidrojeni na florini. Polima hiyohiyo ndiyo gundi inayoushika unga wa kathodi ndani ya betri nyingi za lithiamu, na imo pia kwenye rangi za paneli za alumini zinazostahimili jua la miaka. Ukiiongezea ndugu yake mmoja wa kikemia, ukaitandaza nyembamba kiasi cha nanomita mia mbili hivi kati ya vipande viwili vya chuma, inatunza 0 au 1, yaani biti moja, bila betri.

Katika kumbukumbu zote za ogania, yaani zinazotunza biti kwa molekuli za kaboni kama plastiki, hii ndiyo ninayoiamini zaidi, na sababu yangu ni moja: najua biti imekaa wapi. Kwa nyingine nyingi zilizotangazwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukiuliza swali hilo hupati jibu, au unapata jibu lisiloihusu polima kabisa. Tutafika huko.

Tuanze na molekuli. Mnyororo wa PVDF ni kaboni zilizoshikana mikono: moja ina haidrojeni mbili, inayofuata ina florini mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Florini ina uchu wa elektroni, kwa hiyo upande wake huwa hasi na upande wa haidrojeni huwa chanya. Mnyororo ukinyooka kama meno ya msumeno, florini zote hukaa upande mmoja na haidrojeni upande wa pili. Hiyo ndiyo fuwele ya beta, na ndiyo tunayoitaka. Shida ni kwamba PVDF ukiiyeyusha na kuiacha ipoe yenyewe haitaki kunyooka. Hujikunja kuwa alfa, ambamo mnyororo mmoja huangalia juu na jirani yake chini, jumla sifuri. Mwaka 1969 Heiji Kawai wa Japani alionyesha kwamba utando wa PVDF ukivutwa ukarefuka, kisha ukawekwa kwenye volti kubwa ukiwa moto, hutoa umeme unapobonyezwa. Kule kuvuta ndiko kunakoinyoosha minyororo.

Lakini utando wa nanomita mia mbili ulioshikamana na kioo hauvutiki. Hapo ndipo anapoingia yule ndugu, trifluoroethilini, au TrFE, mwenye florini tatu badala ya mbili. Atomi ya florini ni nene kuliko ya haidrojeni. Zikiongezeka, mnyororo unakosa nafasi ya kujikunja. Kopolima (polima yenye viungo viwili kwenye mnyororo mmoja) ya 70 kwa 30, yaani sehemu 70 za VDF, kiungo cha PVDF, kwa 30 za TrFE kwa hesabu ya moli, hutoka kwenye mumunyo ikiwa beta tayari. TrFE ikipungua chini ya 20 hivi, alfa inaanza kurudi. Ikizidi 50, uwezo wa kushika chaji unashuka. Ukienda kununua unga, uliza uwiano kwanza, bei baadaye.

Biti basi ni hii: florini zimeangalia juu, au zimeangalia chini. Kuandika ni kuuzungusha mnyororo kwenye mhimili wake, kama mshikaki unavyogeuzwa motoni: nyama haitoki kwenye kijiti, upande tu ndio unaobadilika. Kugeuza huko kunataka uga wa umeme wa takriban volti 50 kwa kila mikroni ya unene. Namba hiyo ishike, maana inatawala kila kitu kinachofuata. Utando wa mikroni 1 unaanza kugeuka kwenye volti 50, na ili ugeuke wote unahitaji kama mara mbili yake. Wa nanomita 250 unaanza kwenye 12.5, kwa hiyo unaendeshwa kwa 25 hadi 30. Wa nanomita 100 unaanza kwenye 5. Kila mtu anautaka mwembamba, na wembamba ndio unaoleta matatizo.

Kutandaza na kuoka

Pima gramu 0.4 za kopolima kwa mililita 10 za saiklopentanoni, sawa na asilimia 4 hivi kwa uzito. Koroga kwa sumaku kwenye nyuzi 50 mpaka 60 za Selsiasi kwa saa mbili au zaidi, chupa ikiwa imefungwa. Mumunyo ukiwa tayari huwa mwangavu kama maji. Ukiona ukungu, bado haujayeyuka au chupa ilikuwa na maji. Uchuje kwa bomba la sindano kupitia kichujio cha PTFE (Teflon) cha mikroni 0.45 au 0.2. Nasema PTFE makusudi. Kichujio cha selulosi asetati kinayeyuka kwenye ketoni, na kitakachotoka upande wa pili ni kopolima yako pamoja na kichujio chenyewe.

Kioo cha milimita 25 kwa 25 kioshe kwa sabuni, maji yaliyosafishwa, asetoni, kisha isopropanoli, na ukikaushe kwa kupuliza naitrojeni. Vukizia kromiamu nanomita 5 ya kushikia na dhahabu nanomita 50 juu yake, kwa mistari yenye upana wa milimita 1. Dondosha mumunyo mpaka ufunike kioo chote, zungusha mara 2000 kwa dakika kwa sekunde 60, kisha weka kwenye sahani ya moto nyuzi 80 kwa dakika tano. Utapata kitu kati ya nanomita 150 na 300, kutegemea urefu wa minyororo ya kopolima uliyouziwa. Usiamini jedwali la mtu mwingine. Pima.

Sasa oka: nyuzi 135 mpaka 140, saa mbili, halafu zima sahani uache ipoe polepole na sampuli ikiwa juu yake. Kiwango hicho cha joto hakikuokotwa njiani. Kopolima ya 70 kwa 30 inapoteza mpangilio wake wa umeme kwenye nyuzi 100 na kidogo, na inayeyuka kwenye 150 hivi. Kati ya hapo minyororo inateleza kwa urahisi, fuwele zinakua, bila utando kuwa kimiminika. Usipooka, nusu ya kilichomo hakina mpangilio na kitanzi chako, yaani mchoro wa chaji dhidi ya volti tutakaoupima baadaye, kitakuwa chembamba kama uzi. Na ukioka kupita kiasi? Hili watu hulifanya kila mara kwa sababu sahani ya moto inasema 140 wakati uso wake una 155. Utando unayeyuka, na unapoganda upya minyororo husimama wima juu ya kioo badala ya kulala. Mnyororo uliosimama una florini zinazoangalia pembeni. Uga wako unapita juu kwenda chini na hauna cha kugeuza. Kwa macho utando ni mzuri, pengine mzuri zaidi. Kwa umeme umekufa. Kipimajoto cha uso wa sahani kinagharimu kidogo kuliko kundi moja la sampuli.

Kosa la pili ni unyevu, na anayefanya kazi hii Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika atakutana nalo siku ya kwanza. Wengi hutumia butanoni kwa sababu inayeyusha vizuri na inachemka kwenye nyuzi 80 tu. Inapokauka haraka hivyo inaupoza utando, mvuke wa hewani unaganda juu yake kama umande, na maji ni adui wa polima hii: panapogusa tone, polima inajikusanya pembeni. DMF, kiyeyusho kingine, ni mbaya zaidi, maana yenyewe inanyonya maji hewani. Matokeo ni utando mweupe kama maziwa, na ukiutazama kwa darubini ni sifongo. Tiba ni tatu: kiyeyusho kinachokauka taratibu na kisichopenda maji sana (saiklopentanoni au saiklohexanoni), hewa kavu au naitrojeni ndani ya mashine ya kuzungushia, na kupasha kioo joto kabla ya kudondosha. Kiyoyozi cha chumba kinasaidia lakini hakitoshi. Na DMF, kwa hiari yangu, ningeiacha kabisa: inapita kwenye ngozi na inadhuru mimba.

Elektrodi ya juu, yaani chuma cha juu ya utando, ndiyo inayoua sampuli nyingi. Ukivukizia dhahabu kwa pupa, chuma kinapenya kwenye kila kitundu na kila kapasita (utando ukiwa kati ya chuma cha juu na cha chini) inapiga shoti. Anza polepole, nanomita 0.1 kwa sekunde, sampuli ikiwa mbali na chanzo cha joto, na ukishafunika nanomita kumi za kwanza unaweza kuongeza mwendo. Mistari ya juu ikikatiza ya chini kwa pembe mraba, kila makutano yanakupa kapasita ya milimita mraba 1. Njia nyingine ni kuweka kwanza tabaka la PEDOT:PSS, ile polima ya buluu inayopitisha umeme. Ni ya maji, haiyeyushi kopolima, lakini kwa sababu hiyohiyo inateleza juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Iongezee isopropanoli kidogo au tone la dawa ya kupunguza mvutano wa uso wa maji ndipo itandaze. Faida yake huja baadaye. Kopolima ikigeuzwa mara nyingi huvunjikavunjika kidogo na kutoa gesi, nayo gesi huinua elektrodi ya chuma kama ngozi iliyoungua maji. PEDOT:PSS huiruhusu ipite.

Kupima, na ganda la ndizi

Kabla ya kitu chochote, pima uwezo wa kapasita kwa mita kwenye kilohezi 1. Kopolima hii ina namba ya dielektriki ya 11 hivi, kwa hiyo milimita mraba 1 yenye unene wa nanomita 250 itasoma kama pikofaradi 390. Ukisoma 1,000, utando ni mwembamba kuliko ulivyodhani. Ukisoma vitu vinavyorukaruka, ni shoti.

Kisha kitanzi. Funga sampuli mfululizo na kapasita kubwa unayoijua, peleka mawimbi ya volti kwenye jozi hiyo, na usome volti ya ile kubwa kwa oskiloskopu. Chaji iliyopita kwenye sampuli ndiyo iliyopita kwenye kapasita kubwa. Utando mzuri unabakiza chaji ya mikrokulombi 6 mpaka 8 kwa sentimita mraba kila upande. Kwa milimita mraba 1, kugeuza kutoka upande mmoja kwenda wa pili ni nanokulombi 140 hivi. Ukitumia nanofaradi 100 unapata volti 1.4, zinazoonekana bila shida na zisizoiibia sampuli volti nyingi.

Hapa kuna mitego miwili midogo inayopoteza wiki nzima. Kapasita kubwa isiwe ya seramiki ya X7R. Ndani yake kuna bariamu titaneti, yenyewe feroelektriki, yaani hugeuzwa na volti na kubaki hivyo kama kopolima yetu, na thamani yake hubadilika na volti. Utakuwa unapima kitanzi cha kapasita yako. Tumia ya polipropilini. Pili, ingizo la oskiloskopu lina megaomu 1, na nanofaradi 100 zinajimwaga humo kwa sekunde 0.1. Ukipima kwenye hezi 10, kila wimbi lina sekunde hizohizo 0.1, na kitanzi kinapinda. Weka probu kwenye 10×, ingizo liwe megaomu 10, na upime kwenye hezi 100.

Kitanzi cha kweli kina mabega: kinapanda ghafla karibu na volti ya kugeuza, kisha kinalala karibu tambarare. Kitanzi cha mviringo mnono kisicho na mabega ni mvujo wa umeme, basi. Mwaka 2008 mwanafizikia James F. Scott wa Cambridge alichoshwa na vitanzi vya namna hiyo vilivyokuwa vikichapishwa kama ushahidi wa feroelektriki. Akachukua ganda la ndizi, akaliwekea elektrodi, akalipima. Likatoa kitanzi. Hakuna aliyedai kwamba ganda la ndizi lina kumbukumbu, ila lilikuwa na unyevu na chumvi za kupitisha umeme.

Njia ya kujikinga ni mapigo. Geuza sampuli upande hasi, kisha piga pigo chanya mara mbili mfululizo. La kwanza linabeba chaji ya kugeuza, ya kawaida ya kapasita, na ya mvujo. La pili halina cha kugeuza, kwa hiyo linabeba zile mbili za mwisho tu. Toa la pili kwenye la kwanza. Kilichobaki ndicho biti. Rudia upande hasi. Mtu akikuonyesha kopolima hii ikibakiza mikrokulombi 20 kwa sentimita mraba, usimpongeze: hata fuwele kamilifu ya beta, kwa hesabu ya dipoli zake (zile jozi za upande chanya na upande hasi), inaishia kama 13.

Alumini inapojibu badala ya polima

Sasa zile nyingine. Katika miaka ya 2000 zilimiminika kumbukumbu za kubadili ukinzani: weka utando wa ogania kati ya elektrodi mbili, mara nyingi alumini, pandisha volti, na mkondo unaruka mara elfu, shusha au geuza volti, unarudi chini. Mwaka 2004 kundi la Yang Yang huko UCLA lilitangaza polistairini yenye chembe za dhahabu za nano, na maelezo yao yalikuwa kwamba chaji zinahama kati ya chembe na molekuli ndogo iliyochanganywa humo. Wengine walibadilisha chembe, wengine polima, wengine wakaacha chembe kabisa, na kubadilika kukaendelea kuonekana. Jambo linapotokea kwa kila kiungo unachoweka, shuku sufuria.

Sufuria hapa ni alumini kwelikweli. Ikigusa hewa huvaa oksidi ya nanomita chache. Volti ikipanda, oksidi inatobolewa na njia nyembamba za mkondo, njia hizo zinafungwa na kufunguliwa, na polima iliyo juu yake inafanya kazi ya kinzani tu. Makundi kadhaa yalilionyesha hili kwa kuondoa oksidi au kubadili chuma.

Kipimo chake ni rahisi mno kiasi kwamba sioni sababu ya kukiruka. Tengeneza kapasita za maeneo tofauti kwenye kioo kimoja: milimita mraba 1, 4 na 9. Kama biti imekaa kwenye ujazo wa polima, chaji au mkondo utapanda kwa uwiano wa 1, 4, 9. Kama mkondo wa hali ya kuwaka ni uleule kwa zote tatu, unapita kwenye uzi mmoja, na ukubwa wa elektrodi hauna habari. Kisha tengeneza sampuli zilezile kwa dhahabu juu na chini. Kubadilika kukitoweka, umejibiwa.

Sisemi kumbukumbu ya uzi haina maana. Oksidi zinazofanya hivyo ni fani yenye heshima zake. Kosa ni kuiita ya polima. Tofauti na hizo, ile iliyotoka Princeton na HP mwaka 2003 ilikuwa wazi tangu mwanzo: PEDOT:PSS juu ya diodi ya silikoni, mkondo mkubwa unapita, polima inaacha kupitisha umeme daima. Fyuzi. Inaandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, na biti iko palepale ilipoungua.

Kutoka kapasita moja hadi safu

Kapasita moja ni rahisi. Zipange nyingi kama kitambaa, mistari ya chini ikikatiza ya juu, na jirani wanaanza kugombana. Ukitaka kuandika kwenye makutano moja kwa volti 30, mazoea ni kuweka 15 kwenye mstari mmoja na −15 kwenye mwingine. Makutano mengine kwenye mistari hiyo yanapata 15. Utando wetu wa nanomita 250 unaanza kugeuka kwenye 12.5. Umeandika biti moja na kuharibu safu nzima.

Ndiyo maana hutumika theluthi. Mstari uliochaguliwa uweke 30, safuwima iliyochaguliwa 0. Mistari mingine yote 10, safuwima nyingine zote 20. Hesabu mwenyewe: makutano lengwa yanapata 30, mengine yote yanapata 10 au −10. Kumi ni chini ya 12.5, lakini usilale. Kopolima hii haina kizingiti kama mlango. Uga mdogo ukikaa muda mrefu unageuza pia, polepole. Mapigo milioni ya theluthi yanamomonyoa biti ya jirani. Kwa hiyo mapigo yawe mafupi, na safu iwe ndogo.

Kusoma nako kuna gharama. Unapiga pigo chanya: ikiwa biti ilikuwa hasi, chaji kubwa inatoka, ikiwa ilikuwa chanya, ndogo. Vyovyote vile, baada ya kusoma biti ni chanya. Ilibidi uigeuze ili uijue, na lazima uirudishe. Mwaka 2008 Asadi, de Leeuw na wenzao, wa Groningen na Philips, walikwepa hilo kwa kuchanganya kopolima na P3HT, polima ya nusukipitishi, kwenye mumunyo mmoja. Unapokauka, viwili hivyo vinatengana, na P3HT inasimama kama nguzo zilizozungukwa na kopolima. Kopolima ikiangalia upande mmoja, chaji zinaingia kwenye nguzo kwa urahisi. Ikiangalia upande wa pili, zinakwama. Unasoma kwa volti ndogo isiyogeuza kitu. Ugumu ni kuzifanya nguzo zifike juu na chini bila kuuacha uso ukiwa na vilima.

Sokoni, kilichofika mbali ni lebo. Thin Film Electronics ya Norwei ilichapa kumbukumbu za kopolima kwenye karatasi ya plastiki, na mwaka 2015 Xerox ikatangaza lebo ya biti 36 kwa ajili ya kutambua bidhaa halisi. Thelathini na sita inaonekana kichekesho kwa mtu mwenye simu ya gigabaiti, lakini ni michanganyiko zaidi ya bilioni 68, na pakiti ya dawa haihitaji zaidi. Hapo ndipo nyuzi 140 zinapoilipa kazi yote: kumbukumbu za seramiki za PZT zinataka mamia ya nyuzi zaidi ili ziwe fuwele, na hakuna plastiki ya kawaida inayohimili hilo.

Lakini joto hilohilo dogo linakata kuwili. Plastiki ya PET ambayo haikutulizwa kwa joto inajikunja kidogo wakati wa kuoka, na mistari ya juu inakosana na ya chini. Nunua ile iliyotulizwa, au plastiki ya PEN. Na utando wa 70 kwa 30 ulioandikwa vizuri, ukiupitishia pasi ya nukta mbili kwa dakika moja, unavuka nyuzi mia na kidogo, dipoli zinatawanyika kila upande, na lebo inatoka chini ya pasi ikiwa nzima kwa macho, kapasita zake zote zikisoma pikofaradi zilezile, bila biti hata moja.